Kanuni ya nishati ni ile ambayo mkaguzi anaweza kuipima kwa futi

Swali la msomaji: Shikamoo mhandisi. Mimi ni fundi sanifu wa ujenzi, nasimamia jengo la baba yangu la ghorofa tatu hapa Tanga mjini. Chini kuna maduka, juu ofisi. Upande wa barabarani ni vioo vitupu na unatazama magharibi, na kila mwezi wapangaji wananung'unikia LUKU. Diwani wetu angependa halmashauri iwe na kanuni za nishati kwa majengo ya biashara kama zilivyo nchi nyingine, akaniomba nimwandikie maoni. Mwenzangu anasema tuchukue za Marekani tuzitafsiri, kazi iishe. Mimi nauliza: zikishapitishwa nani atazisimamia, wakati hata ramani yenye muhuri wa kibali watu wanaifungia kabatini wakajenga wanavyotaka?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Umeliweka swali zito mwishoni, mimi nitaanza nalo. Nimefanya kazi ya mitambo ya viyoyozi na umeme wa majengo miaka mingi katika pwani hii, na sijaona jengo lililoharibika kwa sababu nchi haikuwa na kanuni kali. Nimeona mengi yaliyoharibika kwa sababu hakuna mtu aliyefika saiti siku ile kitu kilipokuwa bado kinaonekana. Kwa hiyo nikushauri hivi tangu mwanzo: mwambie diwani asitafute kanuni ndefu. Atafute masharti machache ambayo mkaguzi mmoja, mwenye pikipiki moja na futi mfukoni, anaweza kuyapima kwa nusu saa na kusema ndiyo au hapana.

Nitakueleza wenzetu walipita njia gani, maana yapo ya kujifunza. Mwaka 1973 nchi za Kiarabu zilipozuia mafuta, Marekani iligundua kwamba majengo yake yanakula nishati bila kipimo. Mwaka 1975 chama cha wahandisi wa viyoyozi na upashaji joto, ASHRAE, kilitoa kiwango chake cha kwanza cha nishati kwa majengo, namba 90. Ndicho leo kinachoitwa 90.1, na siku hizi hutolewa upya kila baada ya miaka mitatu. California iliweka masharti yake mwaka 1978. Ilipofika 1992, sheria ya shirikisho ikazitaka serikali za majimbo kuhakikisha kanuni zao za majengo ya biashara hazipungui kiwango hicho. Lakini anayepitisha ni jimbo, na anayepanda ngazi kukagua ni mtu wa mji au wa wilaya. Hapo ndipo kamba ilipokuwa ikikatikia. Mwaka 2009, serikali ya shirikisho ilipotoa fedha za kufufua uchumi, majimbo yaliyotaka fungu la nishati yalitakiwa kuahidi kwamba ndani ya miaka 8 asilimia 90 ya majengo mapya na ya kukarabatiwa yatafuata kanuni. Fikiria: miaka zaidi ya 30 baada ya kiwango cha kwanza, bado ilibidi watu waahidi kwamba kilichoandikwa kitafuatwa. Na hao wana wakaguzi wa kutosha kuliko sisi.

India walitoa kanuni yao mwaka 2007, chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Nishati ya 2001. Waliilenga kwa majengo makubwa, na kipimo kikaja kuwa mzigo wa umeme wa kilowati 100 au zaidi, lakini mwanzoni ilikuwa ya hiari hadi jimbo lenyewe liichukue. Afrika Kusini, mwaka 2011, walifanya jambo ambalo mimi nalipenda zaidi: hawakuunda ofisi mpya. Sehemu ya nishati waliichomeka ndani ya kanuni za ujenzi zilizokuwepo tayari, ikawa afisa yuleyule wa manispaa anayepitisha ramani ndiye anayeangalia na nishati. Mojawapo ya masharti ilikuwa kwamba angalau nusu ya maji ya moto ya jengo yasichemshwe kwa koili ya umeme peke yake. Sharti la namna hiyo halihitaji profesa kulikagua, unapanda juu ya paa ukatazame kama kuna hita ya jua.

Sasa hilo la kutafsiri. Mwenzako asikasirike, lakini hapana. Kanuni za nchi za baridi zimejengwa juu ya hofu ya joto kutoka nje ya nyumba. Ndiyo maana kurasa nyingi zinazungumzia unene wa vizuia joto ukutani na kuziba kila upenyo. Hata kiwango cha Marekani kina kanda za hali ya hewa, na sisi tungeangukia kwenye zile za joto kali na unyevu, lakini lugha yake, vifaa vyake na mahesabu yake yanadhania soko ambalo huku halipo. Ukimpa fundi wa mtaani Makorora jedwali la namna hiyo atakuitikia kwa heshima, kisha ataendelea na kazi yake kama jana.

Ukitaka kuazima, tazama Singapore. Wao wako karibu na Ikweta kama sisi, na mwaka 1979 waliuliza swali lililo letu pia: kuta na vioo vya jengo hili vinaingiza joto kiasi gani kutoka nje? Hawakujali sana ukuta ni wa tofali gani. Walijali kioo ni kikubwa kiasi gani, kinatazama wapi, na kina kivuli au hakina.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo pesa ya wapangaji wako inapovujia.

Tanga ipo takriban digrii 5 kusini ya Ikweta. Jua linapita juu ya utosi wetu mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba. Mwezi Juni saa sita mchana liko upande wa kaskazini, juu sana, kama digrii 61 kutoka upeo wa macho. Desemba liko kusini, juu zaidi, kama digrii 71. Maana yake kwa fundi ni hii: dirisha linalotazama kaskazini au kusini linakingwa kwa urahisi. Ukitoa zege au bati la sentimita 75 juu ya dirisha la mita moja na nusu, Juni saa sita kivuli kinashuka mita 1.38, na Desemba upande wa kusini dirisha lote linafunikwa na chenji inabaki. Sheria ya mkononi ni nusu: kizuizi kitoke nje angalau nusu ya urefu wa dirisha. Mkaguzi anapima viwili tu, urefu wa dirisha na mtokezo wa kizuizi, basi.

Magharibi ni habari nyingine. Saa kumi na nusu alasiri, siku hizo za Machi na Oktoba, jua limeshashuka hadi kama digrii 30. Mtokezo wa mita nzima unakupa kivuli cha sentimita 58 tu, na saa kumi na moja hata hicho kimepungua. Ndiyo maana vile vibaraza vyembamba vya zege wanavyoviweka juu ya vioo vya upande wa magharibi ni urembo tu, havikingi kitu. Upande huo unataka mabapa yaliyosimama wima, luva (vibao vilivyopangwa kwa mwinamo, vyenye nafasi kati yake), matofali ya matundu, au veranda pana. Na kilicho bora kuliko vyote ni kutokuweka kioo kikubwa huko toka mwanzo.

Twende kwenye jengo la baba. Tuseme ghorofa moja ina mita za mraba 30 za kioo cha kawaida upande huo. Alasiri ya jua kali, ukuta wa magharibi unaweza kupokea wati 600 kwa kila mita ya mraba, na kioo cheupe kisicho na tabaka la kukinga hupitisha karibu asilimia 80. Zidisha: ni kilowati 14 na ushei za joto zinazoingia ofisini. Kiyoyozi cha BTU 12,000 kinaondoa kilowati 3.5. Kwa hiyo viyoyozi vinne kwenye kila ghorofa vinafanya kazi ya kulitoa jua mlilolikaribisha wenyewe. Tukiuchukua wastani wa kilowati 9 kwa saa nne za alasiri, ni uniti 36 za joto kwa siku (uniti moja ni kilowati moja kwa saa moja). Kiyoyozi cha wastani kinaondoa uniti tatu za joto kwa kula uniti moja ya umeme, hivyo ni uniti 12 za LUKU kila siku. Kwa siku 250 zenye jua ni uniti 3,000. Tukiweka shilingi 350 kwa uniti, ni shilingi 1,050,000 kwa mwaka, ghorofa moja, na hujawasha taa wala kompyuta.

Na anayelipa ni nani? Mpangaji. Aliyechora na aliyejenga hawagusi bili hiyo hata siku moja. Watu wa Tanga wana msemo wao wa waja leo waondoka leo. Mkandarasi ndiye huyo, amekuja leo na kesho kaondoka, jengo linabaki miaka 50 na wenye kulihudumia ni wengine. Hii ndiyo sababu hasa ya kuwepo kanuni. Soko peke yake haliwezi kulirekebisha jambo ambalo mwenye kuliamua si mwenye kulilipia.

Wazee wetu waliliamua vizuri. Nenda Bagamoyo kwenye nyumba za matumbawe na chokaa, kuta nene, dari ndefu, baraza mbele. Hata majengo ya zamani ya katikati ya Tanga, yale ya enzi ya Wajerumani, yana veranda zilizozunguka na madirisha yaliyojificha kivulini. Yalijengwa na watu waliokuwa hawana kiyoyozi cha kuwasitiri makosa yao. Hali kadhalika upepo: kaskazi na kusi zinatujia pande zile zile ambazo ni rahisi kuzikinga jua. Jengo lililolala mashariki-magharibi, madirisha yake yakatazama kaskazini na kusini, linapata vyote viwili, kivuli na upepo. Viwanja vya mjini haviruhusu kila mara, nalijua hilo, lakini panaporuhusu ni dhambi kuacha.

Kwa hiyo katika maoni yako ningeweka mambo manne tu kwa kuanzia. La kwanza ni kivuli na ukubwa wa vioo kwa kila upande, kama nilivyoeleza. Magharibi na mashariki kioo kisizidi kiasi fulani cha ukuta ila kikiwa na luva au veranda. La pili ni paa. Mabati yaliyopigwa jua mchana kutwa yanageuka jiko juu ya vichwa vya watu. Liwe la rangi nyeupe au ya mpauko, na chini yake kuwe na kizuia joto au karatasi ya foili yenye nafasi ya hewa. Bila nafasi ya hewa foili haifanyi kazi, na hilo liandikwe wazi, kwa sababu mafundi wengi wanaigandamiza kati ya bati na mbao wakidhani wamemaliza. La tatu ni viyoyozi vyenyewe: kifaa kisiwe chini ya ufanisi uliotajwa, na mashine ya nje isifungwe kwenye kichochoro ambako inavuta tena hewa yake ya moto. Huku pwani chumvi inakula mapezi ya mashine ya nje, na ikishaliwa umeme unapanda, hivyo sehemu ya kuifikia kwa kuiosha iwemo kwenye ramani. La nne ni mita: kila mpangaji awe na yake. Anayeona uniti zake mwenyewe anazima.

Taa sitaki zituchoshe. LED zimeshashinda sokoni zenyewe, mstari mmoja unatosha.

Ongeza na tahadhari moja ambayo kanuni za kigeni haziisemi kwa sauti yetu. Ofisi ikipoozwa hadi nyuzi 18 huku hewa ya bahari yenye unyevu inaingia kwa milango iliyo wazi, kuta zinatoka jasho na kuvu linaota nyuma ya makabati. Watu wanakohoa, wanasema ni vumbi. India, kuanzia 2020, iliagiza viyoyozi vyenye lebo ya nishati vitoke kiwandani vikiwa vimewekwa nyuzi 24. Hilo linawezekana hata bila kanuni yoyote. Mwenye jengo anaweza kulitaja kwenye mkataba wa kupanga.

Sasa usimamizi, ulikotaka nifike.

Miaka kadhaa nyuma nilichora mitambo ya jengo moja la ofisi katika mkoa huu. Ramani ilikuwa na kizuia joto chini ya paa lote na luva upande wa magharibi. Ilipitishwa, ikagongwa muhuri. Niliporudi kufunga mashine, dari ilikuwa imeshafungwa na kupakwa rangi. Nikaomba kufungua kipande kimoja. Juu yake kulikuwa na mabati matupu. Luva nazo zilikuwa zimetolewa "kupunguza gharama". Mkaguzi alikuwa amekuja mara mbili: kwenye msingi na kwenye slabu. Kwa taratibu zake alikuwa sahihi, maana hakuna aliyemwambia kwamba kuna siku ya tatu. Mimi nilikuwa nimekokotoa mashine kwa jengo lenye kivuli, zikashindwa kazi, tukaongeza nyingine. Mpaka leo nikipita pale naumia.

Kwa hiyo sharti lenye uzito kuliko yote manne liwe hili: hakuna kufunga dari kabla ya ukaguzi wa paa. Siku moja tu, imeandikwa kwenye kibali chenyewe. Na ya pili ni kabla watu hawajahamia, mkaguzi apime vivuli na asome vibandiko vya viyoyozi. Ukiwa na siku hizo mbili umefunga mlango mkubwa wa udanganyifu.

Utaniambia wakaguzi ni wachache. Kweli. Ndiyo maana mzigo wa kwanza uwe kwa aliyechora. Msanifu majengo na mhandisi wamesajiliwa kwenye bodi zao na wana cha kupoteza. Waambatanishe ukurasa mmoja wa nishati kwenye maombi ya kibali, wenye vipimo vya kila upande, wautie sahihi. Saiti, mkandarasi apige picha za paa na vizuizi akiwa ameshikisha futi ionekane, azitume kabla ya kuendelea. Mkaguzi atembelee baadhi bila taarifa. Fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, tayari anatakiwa kuandaa mchoro wa nyaya kabla TANESCO hawajaunganisha. Mashine zilizofungwa na idadi ya mita zinaweza kuandikwa humo bila safari ya ziada.

Na tuseme wazi kuhusu chai ya mkaguzi. Rushwa inapenda sharti lisilopimika. Ukiandika "jengo liwe na uingizaji hewa wa kuridhisha", umempa mtu nafasi ya kuridhishwa. Ukiandika "mtokezo usipungue nusu ya urefu wa dirisha", mpangaji, jirani, na hata mwanafunzi wa ufundi anaweza kwenda na futi akaujua ukweli.

Kuhusu kuzipitisha: halmashauri haiwezi kuamka ikatangaza tu. Chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya 1982, baraza la madiwani linatunga sheria ndogo, wananchi wanapewa nafasi ya kutoa maoni au pingamizi, kisha inakwenda kwa waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa kuidhinishwa, na kuchapishwa katika Gazeti la Serikali. Isipingane na sheria mama. Mwanasheria wa halmashauri awemo tangu rasimu ya kwanza, asiletewe mwishoni kufanya usafi. Mimi ningeomba ianze na majengo mapya ya biashara yanayozidi mita za mraba 500 hivi, kwa sababu kile kipimo cha India cha kilowati 100 hapa kingeacha nje majengo mengi yanayotuumiza. Na mwaka wa kwanza uwe wa kufundisha: ukurasa wa nishati unajazwa, makosa yanaandikwa, faini haitozwi. Wenye majengo watakaposema ni gharama, waonyesheni mahesabu yale ya kioo. Kivuli kilichochorwa mapema kinawapunguzia idadi ya viyoyozi vya kununua, na kwa jengo kubwa linalolipia pia kilele cha matumizi kwa KVA (kipimo cha mzigo wa juu kabisa wa umeme), bili inashuka kwa njia mbili. Kivuli cha kuongeza baadaye, kwa kutoboa ukuta na kukodi jukwaa, hicho ndicho cha ghali.

Jengo la baba haliguswi na sheria ya majengo mapya, lakini usingoje. Usianze na kubadilisha viyoyozi. Anza na ghorofa ya juu kabisa, ambayo inapigwa na paa na magharibi kwa pamoja. Paka mabati rangi nyeupe, fungua dari uone kilichopo, kisha weka fremu ya luva nje ya kioo. Pazia la ndani halifai kwa kazi hiyo, kwa kuwa joto likishavuka kioo limeshaingia. Luva zikae mbali na kioo kiasi cha mkono kupita, ili hewa ipande nyuma yake na watu waweze kusafisha. Fremu iwe ya alumini au chuma kilichochovywa zinki, kwa sababu ya chumvi. Ghorofa za chini zisubiri.

Kabla ya kuanza, andika uniti za kila mita kwa miezi mitatu, Januari hadi Machi ikiwezekana. Kisha nitumie picha ya upande wa magharibi iliyopigwa saa kumi alasiri, pamoja na vipimo vya dirisha moja, upana na urefu, na umbali wa jengo la ng'ambo ya barabara. Nitakuchorea mabapa yakae kwa mwinamo gani, na mchoro huohuo utaweza kuuambatanisha kwenye maoni unayompelekea diwani.